NDP ya Ottawa ndiyo iliyomponza Rachel Notley, na nimechoka kunyamaza

Wakuu, heshima zenu. Najua wengi siasa za Kanada mnazisikia kwa mbali, lakini sisi tulio huku tunaamka nazo na kulala nazo. Jambo hili limenikaa kooni tangu Aprili 2019. Naomba mnisome mpaka mwisho ndipo mnirukie.

Niko Calgary, jimbo la Alberta. Nilifika 2014 nikaanzia kazi ghalani, kima cha chini cha mshahara kikiwa dola 10.20 kwa saa. Mei 2015 chama cha NDP (New Democratic Party), tawi la jimbo lililoongozwa na Rachel Notley, kikawang'oa Wahafidhina waliokuwa wamekalia jimbo hili tangu 1971. Viti 54 kati ya 87, chama cha wafanyakazi, kwenye jimbo la mafuta! Ilipofika Oktoba 1, 2018 kima cha chini kilikuwa dola 15, na Alberta ikawa ya kwanza Kanada nzima kufika hapo. Hili sikusimuliwa na mtu, nililiona kwenye karatasi yangu ya mshahara. Kodi ya nyumba nikaanza kuilipa bila kukopa. Ndiyo maana nilichukua kadi ya chama mapema 2016, hata kabla sijawa raia.

Ubaya ulianzia kwenye hiyo kadi. Wakati huo ukijiunga na NDP ya jimbo, papo hapo ulikuwa mwanachama wa NDP ya shirikisho, yaani ya taifa zima, ile ya Ottawa, mji mkuu wa Kanada. Hukuulizwa. Waliberali wa Quebec walishajitenga na wenzao wa Ottawa tangu 1964, wa Ontario mwaka 1976, kila upande ukawa na uanachama wake. Sisi tukaachwa tumefungwa kamba moja, na aliyeshika kamba yuko mbali na wala hajui tunakula nini.

Aprili 2016 NDP ya shirikisho ikaja kufanya mkutano wake mkuu Edmonton. Edmonton! Mji mkuu wa jimbo, sebuleni kwa Notley mwenyewe. Bei ya mafuta ilikuwa imeporomoka, watu wanapunguzwa kazi kila wiki. Ghalani kwetu walikuwa wanakuja kuomba kazi mafundi waliotoka kwenye visima, watu waliokuwa wanalipwa mara tatu ya sisi. Notley akapanda jukwaani akawaomba wajumbe, kwa adabu kabisa, waelewe kwamba jimbo lake linahitaji bomba la kufikisha mafuta baharini. Kesho yake wajumbe wakapitisha azimio la kupeleka waraka wa Leap ukajadiliwe kwenye matawi. Waraka wenyewe unasema miundombinu mipya ya mafuta isijengwe. Siku hiyohiyo wakamkataa na kiongozi wao, Thomas Mulcair. Kisha wakapanda ndege, kila mtu na kwao, na waliobaki kujibu maswali ni sisi.

Mniwie radhi kwa lugha, lakini mgeni anayekuchafulia sebule na kuondoka bila hata kuaga, wewe unamwita ndugu?

Oktoba 2017 Jagmeet Singh akachaguliwa kuongoza NDP ya shirikisho. Akapinga upanuzi wa bomba la Trans Mountain, linalotoka Edmonton mpaka Burnaby, pwani ya British Columbia. Hakuwa na kiti bungeni. Akaenda kukitafuta wapi? Burnaby! Pale pale bomba linapoishia, kwa wapiga kura wasiolitaka hata kulisikia. Akashinda uchaguzi mdogo Februari 25, 2019. Wakati huo British Columbia inaongozwa na NDP nyingine, ya John Horgan, nayo inalipiga vita bomba hilohilo. Notley alipambana nao waziwazi. Februari 2018 alizuia mvinyo wa British Columbia usiingie Alberta, na mwaka huohuo akasema hadharani kwamba Singh amekosea. Mngetaka afanye nini zaidi? Jina la chama liko kwenye karatasi ya kura, huwezi kulifunika kwa kidole.

Jason Kenney, aliyekuwa waziri kwenye serikali ya Stephen Harper huko Ottawa, akarudi jimboni akaunganisha vyama viwili vya mrengo wa kulia kuwa UCP (United Conservative Party). Kampeni yake yote ilikuwa juu ya Ottawa, na wimbo wake mmoja tu: Trudeau na Notley kitu kimoja. Trudeau, waziri mkuu wa Kanada wakati huo, ni Mliberali, wala si wa chama chetu, lakini kwa mtu aliyekosa kazi tofauti hiyo ina maana gani wakati hata NDP ya Ottawa inalipinga bomba?

Machi 2019 nilikuwa napita nyumba kwa nyumba kaskazini mashariki ya Calgary, theluji imegeuka tope. Nyumba moja akanifungulia bwana wa makamo, soksi nene miguuni. Nyuma yake, kwenye ndoano ya mlangoni, lilining'inia ovaroli la bluu lenye mistari inayong'aa, safi, limepigwa pasi. Ovaroli la kazi haliwi safi vile kama kazi ipo. Alinisikiliza. Akaniambia, "Rachel ni mtu mwema, mke wangu ameongezewa mshahara kwa sababu yake. Lakini chama chenu kinataka nife njaa." Nikamwambia yule wa Ottawa si huyu wetu. Akaniuliza, "Kadi yako imeandikwa nini?" Sikuwa na jibu. Akaikunja ile karatasi ya kampeni niliyompa mara nne, akanirudishia mkononi, akafunga mlango taratibu.

Aprili 16, 2019 nilipiga kura kwa mara ya kwanza katika nchi hii. Tukapata viti 24, UCP 63.

Najua mtakuja na hoja kwamba kulia kuliungana, na asilimia karibu 55 walizopata hazifutiki kwa kumlaumu Singh. Ni kweli. Mwaka 2015 tulishinda kwa asilimia 40 hivi kwa sababu wao waligawana kura. Kodi ya kaboni nayo ilituumiza, na hiyo ilikuwa ya Notley mwenyewe. Nakubali yote. Lakini njooni 2023. Hapo Notley amejenga upya, Calgary imerudi mikononi mwetu viti vingi, tumepata asilimia 44. Na Ottawa wamefanya nini? Machi 2022 Singh ametia saini makubaliano ya kumbeba Trudeau madarakani, mtu anayechukiwa Alberta kuliko baridi ya Januari. UCP, sasa chini ya Danielle Smith, haikuhitaji hata kutunga uongo, walipewa picha bure. Tukaishia viti 38 kwa 49. Walichuma janga wao, tuliokula ni sisi. Notley akatangaza kung'atuka Januari 2024.

Na bomba lenyewe? Serikali ya Trudeau ililinunua kwa dola bilioni 4.5 mwaka 2018, na tangu Mei 1, 2024 upanuzi wake unasukuma mafuta. Yule bwana wa ovaroli sijui yuko wapi.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba wanachama walisema. Kwenye tawi letu tulisimama mmoja mmoja tukaomba uanachama utenganishwe, tukaambiwa tunaleta mgawanyiko, tuheshimu historia ya chama. Mzee mmoja, mwanachama tangu enzi za Grant Notley, baba yake Rachel aliyekufa kwa ajali ya ndege 1984, alisema neno hilohilo nalo likapuuzwa. Wiki hiyohiyo nikapigiwa simu kutoka upande wa shirikisho, wanaomba mchango. Hawakujua hata jina la mgombea wetu.

Mei 2025 ndipo mkutano mkuu wa Alberta, chini ya Naheed Nenshi, kiongozi aliyemrithi Notley, ukapiga kura kwamba uanachama wa shirikisho uwe hiari. Ilikuwa siku chache tu baada ya NDP ya shirikisho kuangukia viti saba na Singh mwenyewe kukosa chake. Miaka tisa baada ya Edmonton! Viongozi mliotuzuia muda wote huo, mnatuambia nini leo? Kwa nini tusubiri nyumba iungue ndipo tupewe ndoo? Na hata sasa wapo makada wanaotaka tusiwe na haraka, eti Ottawa itajirekebisha.

Uchaguzi wa Alberta ni Oktoba 2027. Kadi yangu nimeihuisha, na safari hii kuna sehemu ya kuamua kama unataka ya Ottawa. Nimeikataa. Wanachama wa Edmonton na Lethbridge mliomo humu, nyie mmejaza nini?