Diski za Tom and Jerry: tumeuziwa katuni zilizonyofolewa

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimeufungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaki kuificha, ingawa nitajitahidi kuandika kwa adabu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikinunua katuni za Tom and Jerry, kwanza kwenye kanda na baadaye kwenye diski, na karibu kila mara nimejikuta nimelipia kitu pungufu, huku kasha lake likiwa limepambwa kwa maneno ya kumrubuni mkusanyaji. Mtu akikupimia kilo ya sukari ukaikuta ina gramu 800, unamrudia dukani na majirani wanakuunga mkono. Akikuuzia katuni ya dakika saba iliyopungua sekunde kumi na tano, unaambiwa hayo ni mambo ya watoto na mtu mzima hapaswi kuyalilia.

Hayakuwa mambo ya watoto. William Hanna na Joseph Barbera walizitengeneza katuni hizi katika studio ya MGM kuanzia mwaka 1940 hadi 1958, jumla yake 114, na zilionyeshwa katika majumba ya sinema kabla ya filamu kubwa, mbele ya watu wazima waliolipa kiingilio. Saba kati ya hizo zilipata tuzo ya Oscar. Zilipigwa kwenye filamu ya milimita 35 kwa rangi za Technicolor, na muziki wake ulipigwa na okestra, si kinanda cha kubahatisha. Anayeziita vitu vya kumtulizia mtoto wakati mama anapika ana haki ya kuzitumia hivyo, lakini asitumie sababu hiyo kuhalalisha mkasi.

Naomba nieleze kwa nini sekunde kumi na tano ni nyingi. Kichekesho cha kuangushana na kugongana hakichekeshi kwa sababu paka amepigwa na sufuria. Kinachekesha kwa sababu ya kile kitambo kidogo kinachotangulia sufuria kutua, ambapo paka anatambua kitakachompata na hana tena la kufanya. Picha 24 hupita kila sekunde, na kipigo kikiwahi au kikichelewa kwa picha chache tu, kicheko kinakufa. Mtunzi wa muziki, Scott Bradley, aliupanga muziki wake juu ya vitendo hivyo hivyo, kiasi kwamba kila hatua ya panya kwenye kinanda, kila mlango unaofungwa na kila jicho linalopepesa lina noti yake. Hata yale mayowe ya Tom mkia unapobanwa, ambayo ni sauti ya Hanna mwenyewe, yanaingia mahali pake kama chombo cha okestra.

Sasa chukueni kanda moja niliyokuwa nayo zamani, ambayo nina hakika wengi wenu mliwahi kuwa na mfano wake. Tom anaishika fataki, utambi unawaka, macho yanamtoka, okestra inapanda ngazi kwa ngazi kuelekea kwenye mlipuko, na hapo picha inaruka. Mara Tom yuko upande wa pili wa chumba anakimbia, uso wake safi, na muziki umekatika katikati kama redio iliyochomolewa waya. Kilichoondolewa ni picha ya uso wake ukiwa mweusi baada ya mlipuko, nywele zimesukwa vijitambi au kichwa kimezungukwa na kitu kama petali za ua, yaani ule mzaha wa zamani wa Wamarekani weupe wa kujipaka masizi ili kuwaiga watu weusi. Mtazamaji asiyejua anadhani kanda ina mkwaruzo. Mimi nilidhani hivyo kwa miaka, na nilimlaumu bure marehemu mjomba wangu kwamba deki yake inatafuna kanda.

Nijibu mapema kabla hamjaniuliza: la, siutetei mzaha huo. Mimi ni mtu mweusi, ninaelewa kilichokuwa kikichekwa pale, na hakinifurahishi. Ninachokataa ni kuuziwa ukimya kama heshima. Kuna katuni mbili, Mouse Cleaning ya mwaka 1948 na Casanova Cat ya mwaka 1951, ambazo ziliachwa kabisa katika seti tatu za DVD zilizotoka Marekani mwaka 2004, 2005 na 2007. Katika ya kwanza Tom ameamriwa kuitunza nyumba iliyosafishwa, Jerry anahakikisha inachafuka kila kona, na mwishoni shehena nzima ya makaa ya mawe inamiminika ndani. Tom anaibuka humo akiwa mweusi tii na kuzungumza kwa lafudhi ya kumkebehi mtu mweusi. Katika ya pili Jerry anapulizwa moshi wa sigara hadi uso unakuwa mweusi, kisha anachezeshwa dansi juu ya bati la moto. Ni sekunde chache kila moja, na kwa ajili yake dakika zote nyingine zimetupwa, zikiwamo dakika za kwanza za Mouse Cleaning ambazo kwa maoni yangu ni miongoni mwa kazi bora walizowahi kufanya hawa mabwana wawili.

Uchungu wangu mkubwa unatoka kwenye kile kilichoandikwa na kampuni yenyewe inayotoa diski hizi, Warner. Katika mikusanyo yake mingine ya katuni za zama hizo iliweka ilani mwanzoni mwa diski, ikikiri kwamba dhana zile za kibaguzi zilikuwa mbaya wakati ule na ni mbaya leo, na kwamba katuni zinaonyeshwa kama zilivyotengenezwa kwa sababu kufanya vinginevyo kungekuwa sawa na kudai kwamba ubaguzi huo haukuwahi kuwapo. Ni maneno mazuri na ninayaunga mkono neno kwa neno. Sasa mtu aliyeyaandika maneno hayo aliwezaje kuzifungia kabatini katuni mbili na bado akatutazama machoni? Ama ilani inatosha, ama haitoshi. Kama inatosha, tungepewa zote 114 tangu mwanzo. Kama haitoshi, ifuteni.

Na tazameni jinsi usafi huu unavyowaumiza hata wale unaodai kuwalinda. Yule mama wa nyumbani ambaye tunamwona miguu tu, na slipa zake, akimfokea Tom kwa jina lake refu, aliigizwa kwa sauti na Lillian Randolph, mwigizaji mweusi ambaye jina lake halikuandikwa hata mara moja kwenye katuni hizo. Chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, kilimlalamikia mhusika huyo kwa haki kabisa, naye akaondolewa baada ya mwaka 1952. Miaka ya 1960 ikaja suluhisho la televisheni: katika baadhi ya katuni alichorwa upya akawa mwanamke mweupe, na katika nyingine akapewa lafudhi ya Kiayalandi. Miaka ya 1990 akaingizwa sauti nyingine tena. Kwa hiyo ili kumfuta mhusika mwenye kudhalilisha, ilifutwa kazi ya mwanamke mweusi aliyeifanya kwa ustadi mkubwa na malipo bila shaka madogo. Diski ya Blu-ray ya mwaka 2011, yenye katuni 37 za mwanzo, iliirudisha sauti yake, na hapo ninawapa pongezi zao. Ni juzuu nzuri sana, nami niliitazama usiku kucha.

Ndiyo maana pigo la juzuu ya pili liliniuma. Ilitangazwa kwamba ingetoka Juni 2013, orodha ikachapishwa, na wakusanyaji wakaona zile zile mbili hazimo, wakati kwa mpangilio wa miaka zilipaswa kuwamo. Watu wakapiga kelele, tarehe ikasogezwa, kisha juzuu yote ikafutwa. Yaani ilionekana afadhali kutotoa kabisa katuni zilizosafishwa kuliko kuziongezea mbili na ukurasa mmoja wa ilani.

Sisi wa huku tuna nyongeza ya machungu. Seti yangu ya kwanza ya DVD ililetwa na kaka yangu kutoka Marekani, nikaitia kwenye deki mbele ya watoto waliokuwa wamekwishaoga na kukaa kwenye mkeka, na kioo kikaandika kwamba diski hiyo haikubaliki katika eneo hili. Kwa mgawanyo wa maeneo ya dunia unaofunga DVD, Marekani ni eneo namba 1, Tanzania na Kenya tumewekwa namba 5, na mtu aliyelipa fedha halali anageuzwa mtuhumiwa sebuleni kwake. Fundi wa mtaani aliifungua deki kwa kubonyeza namba fulani kwenye rimoti, akachukua shilingi elfu tano na kunicheka. Aliyenunua nakala bandia ya kichochoroni hakupata usumbufu huo hata kidogo.

Ukinunua toleo la Ulaya badala ya hilo la Marekani, unakutana na balaa jingine. Mfumo wa televisheni wa PAL, tuliokuwa tukiutumia na sisi, huendesha picha 25 kwa sekunde, hivyo filamu ya picha 24 inaharakishwa. Katuni ya sekunde 420 inaisha katika sekunde 403, na sauti inapanda karibu nusu toni. Wekeni The Cat Concerto, ambamo Tom anapiga piano Rapsodia ya Kihungaria namba 2 ya Liszt na vidole vyake vinafuata funguo kwa uangalifu wa kushangaza, halafu jipigieni kibodi pembeni. Hamtaupata ufunguo wa muziki ule.

Kuna na hili la kusafisha picha kwa mashine. Programu inayowinda mikwaruzo haitofautishi mkwaruzo na mstari mwembamba unaokwenda kasi. Nilisimamisha picha moja Tom akiwa anageuka kukimbia: sharubu za kushoto zipo, za kulia zimeliwa nusu, na ncha ya mkia imekatika ikielea hewani. Picha iliyofuata, kila kitu kimerudi. Negativi nyingi za asili za katuni za MGM ziliteketea katika moto wa hifadhi ya filamu ya George Eastman House, Rochester, Marekani, mwaka 1978, kwa hiyo kazi ya kuzikarabati inaanzia kwenye nakala za nakala. Ninaielewa shida hiyo na siwalaumu kwa moto. Ninalaumu kwamba sharubu zilizonusurika moto zimefutwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda nyumbani.

Madai yangu hayana utata. Kasha liandikwe wazi kama katuni imekatwa, kwa herufi zinazosomeka dukani na si baada ya kulipia. Seti ya watoto itengwe na seti ya wakusanyaji, na hiyo ya pili iwe nzima, yenye ilani, yenye sauti ya Lillian Randolph na jina lake.

Kwa sasa nina ombi kwa yeyote mwenye kanda ya zamani ya Mouse Cleaning iliyorekodiwa kutoka kwenye televisheni. Naomba aitazame mwisho wake na kutuambia hapa kama katika toleo hilo la televisheni makaa yakishamiminika Tom anasema neno lolote, au katuni inaisha papo hapo. Yangu ilishika ukungu kabla sijajua kwamba nilipaswa kuikagua.