Waliosoma na wanaosomesha Kusini: ulichaguliwaje sekondari, au uliachwaje? Tupeane uzoefu

Mama Mapacha wa Chuno
Wakuu, nimeingia Mtwara jana usiku, miguu bado imevimba kwa kukaa kwenye basi. Niliwapeleka mapacha wangu, Kulwa wa kiume na Doto wa kike, kwenye usaili wa kidato cha kwanza, shule ya bweni ya misheni, jina naliacha. Fomu elfu ishirini, nikanunua mbili. Nafasi 80. Watoto niliowahesabu kwa macho, achilia mbali waliokuwa bado getini, hawapungui 400. Wengine wametoka Dar, mama zao wana thamosi za uji.

Asubuhi Hisabati na Kiingereza, baada ya chai mtoto mmoja mmoja ofisini kwa mahojiano. Kulwa katoka anacheka. Doto katoka kakaza mdomo. Nikamuuliza wamekuuliza nini, akasema, "Wameniuliza nikikosa hapa nitaenda wapi." Ukajibuje? "Nikasema nitarudi nyumbani."

Leo nimetumiwa picha ya karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa stoo. Kulwa, 58, amechaguliwa. Doto, 63, AKIBA namba 9. Nimeikuza ile picha mpaka ikawa ukungu. Hamsini na nane ndani, sitini na tatu nje! Na huyo Doto ndiye aliyekuwa anamfundisha kaka yake sehemu na desimali, kwa kibao, pale pale uani.

Naomba tupeane uzoefu. Wewe ulichaguliwaje? Hawa watu wanatumia nini kuchagua?

Ming'oko na Chai
Nimekaa hapa na sahani yangu ya ming'oko nasubiri wenye uzoefu. Mtwara kuchele!

Chaki Nyekundu
Mama Mapacha, nimefundisha shule ya binafsi miaka sita na nimesahihisha hiyo mitihani ya usaili usiku kucha kwa taa ya kuchaji. Si shule uliyokwenda, ila jiko ni lile lile.

Orodha ya kwanza hupangwa kwa alama tupu. Haidumu. Anaingia matroni na daftari lake la vitanda. Sisi bweni la wavulana lilikuwa na vitanda 48, la wasichana 32, kwa hiyo orodha inapasuliwa vipande viwili na kila kipande kinakatwa kwake. Mwaka ambao wasichana wamefanya vizuri, wa mwisho wao kuingia ana 66, huku kwa wavulana mnateremka mpaka 55. Doto hakushindwa na kaka yake. Hao hawakuwa hata kwenye mstari mmoja.

Kasheshe iko kwenye alama zinazofanana. Mwaka mmoja tulibaki na watoto 14 wa alama moja, nafasi 5. Mkuu akasema tuangalie Hisabati, wakabaki 8. Tuangalie Kiingereza, wakabaki 6. Saa saba ya usiku, watu tumechoka, mtu akasema tumtoe mwenye mwandiko mbaya. Akatolewa. Ule mwandiko nauona mpaka leo, herufi zote zimelala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo.

Na ndiyo, zipo nafasi ambazo hazifiki mezani kabisa. Watoto wa walimu, wenye kaka zao pale shuleni. Sisi tunapoanza kusahihisha hizo zimeshakwenda.

kangomba_mstaafu
Kwa mwandiko! Mimi na mwandiko wangu wa kuku ningeishia kupalilia mikorosho. Ah, ndiko nilikoishia.

Mzee wa Nachingwea
Marahaba kwa wote ambao hamjaniamkia.

Binti yangu Mama Mapacha, sisi tuliofundisha miaka ya 80, mtoto kufaulu na mtoto kuchaguliwa yalikuwa mambo mawili. Sekondari za huku zilikuwa za kuhesabu kwa vidole: Ndanda, Chidya, Masasi, Lindi, chache nyingine. Nafasi zinagawiwa kimkoa na kiwilaya, wavulana mbali, wasichana mbali. Darasa langu la 1987 lilikuwa na watoto 41. Waliochaguliwa wawili. Nikasoma majina chini ya mwembe, wazazi wamesimama. La kwanza, la pili, nikanyamaza. Mzee mmoja akaniambia, "Endelea mwalimu." Nikamwambia yameisha. Akasema, "Geuza karatasi."

Ming'oko na Chai
Daah.

Bint Kitangari
"Geuza karatasi." Mzee umenitonesha.

Mimi 2003 baba aliniita nyuma ya nyumba siku moja kabla ya mtihani wa la saba. Kaka yangu alikuwa tayari sekondari. Akaniambia kesho jibu popote mkono unapoangukia. Hisabati nikafanya hivyo, yote. Maarifa nikashindwa kujizuia, nikajibu ninavyojua. Sikuchaguliwa. Baba alishukuru, akaninunulia kitenge. Sasa hivi ni mzee, na wajukuu wakileta ripoti zao za shule anampa mwingine amsomee. Mimi nikiwepo hataki zisomwe.

Mjenzi wa Kata
Sisi wa 2007, shule za kata zimeota kama uyoga, hatukuchujwa na mtu. Tulichaguliwa mpaka vilaza, mimi nikiwemo. Kufika, jengo halina paa. Kila mwanafunzi matofali kumi na ndoo ya maji, na maji ya Newala mnayajua. Mwalimu wa Fizikia tulikuwa tunamsikia tu kama Dajali. Mnaotaka shule isiyochuja, ndiyo hiyo.

Jina la Kuazima
Nimesita tangu jana. Nimefungua akaunti mpya kwa ajili ya bandiko hili, msinitafute.

Mwaka 1996, kijijini kwetu huko juu Makonde, darasa letu alichaguliwa mvulana mmoja. Si mimi. Lakini yule mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Mjomba wake alimpitia Desemba wakapanda lori la chumvi kwenda Dar kuuza soksi na miwani. Barua yake ya kuripoti ikakaa kwa mwalimu mkuu. Ikapita wiki ya kwanza, ikapita ya pili. Usiku mmoja mwalimu mkuu akaja kwetu na kibatari, wakazungumza na baba barazani kwa sauti ya chini. Nilidaka neno moja tu: "inaoza." Kumbe anaisema nafasi. Asubuhi jogoo wetu hakuwika, na gunia la korosho halikuwepo. Mama akanikalisha kwenye kinu, akaniambia, "Kuanzia leo ukiulizwa jina lako nani, sema hivi."

Siku ya kwanza shuleni, mstarini, mwalimu wa zamu anaita majina. Akaliita lile. Kimya. Akaliita tena. Nami nikageuka kumtafuta anayeitwa. Mara ya tatu ndipo nikakumbuka. Nilichapwa fimbo nne. Mpaka namaliza kidato cha nne waliniita Kiziwi, na nililipenda kuliko lile la kwenye daftari, maana hilo nilipewa mimi.

Nikamaliza, chuo cha ualimu, ajira. Jina lile lile kwenye cheti, kwenye cheti cha ndoa, kwenye kadi za bima za watoto. Wanangu wanabeba ukoo wa watu. 2017 ukaja uhakiki wa vyeti, wakatajwa watumishi zaidi ya 9,900 wenye vyeti vya kughushi. Miezi ile mke wangu alidhani nina sukari kwa jinsi nilivyokonda. Changu kikapita. Cheti hakikuwa na kasoro hata nukta.

Sasa sikilizeni. 2019 mama akafariki. Nikarudi kijijini, na kijijini naitwa jina langu la utoto. Wenzangu wa kazini wakakodi Noah kuleta rambirambi, wakashuka njia panda wakauliza kwa mwalimu fulani ni wapi, wakataja jina. Watoto wakawapeleka moja kwa moja kwa mwenye jina lake! Alikuwa amesharudi kutoka Dar, anauza samaki wakavu. Wakamkuta anapaa samaki. Mkuu wangu wa shule akasema, "Samahani, tunamtafuta mwalimu." Yule bwana akanawa mikono, akajifuta na kanga ya mkewe, akawaongoza mpaka msibani. Akaja akanisimamia pale mkekani, akasema watu wote wanasikia, "Wageni wako hawa. Walipotea njia kidogo."

Usiku watu wamelala, akaja kukaa pembeni yangu. Nikasubiri matusi. Akasema, "Nina kijana yuko la sita." Nikasema, "Nimesikia." Basi, hatukuongea kingine. Kijana sasa yuko kidato cha nne shule ya kulipia, mtihani anafanya mwezi huu. Ada nalipa mimi, na pale shuleni nimeandikwa baba yake bila mtu kubadilisha herufi hata moja.

Ming'oko na Chai
Sahani imeniponyoka.

Pwani Tulivu
Chai hii, tena imetiwa tangawizi. Shule nzima isijue?

kangomba_mstaafu
Wewe hukusoma miaka hiyo. Picha hakuna, simu hakuna, cheti cha kuzaliwa nani alikuwa nacho? Kijijini kwetu kuna mtu karudia la saba mara tatu kwa majina matatu, na moja lilikuwa la kike.

Pwani Tulivu
Nyie Wamakonde kwa hadithi tu.

Bint Kitangari
Makabila yametokea wapi tena? Tuko kwenye shule hapa.

Sheria Kali
Mnampigia makofi mwizi. Kaiba.

Mjenzi wa Kata
Kaiba ya nani? Mwenye nafasi alikuwa anauza soksi Kariakoo.

Sheria Kali
Ya aliyekuwa anafuata. Nafasi ya asiyeripoti hujazwa kwa anayefuata kwa alama, siyo anayefuata kwa jogoo. Na yeye alikuwa na baba na mama na jina.

kangomba_mstaafu
Na mwalimu mkuu aliyekula jogoo, yeye humsemi?

Mzee wa Nachingwea
Miaka hiyo nilikuwa mwalimu mkuu. Si mimi wa kibatari, msinitazame hivyo. Lakini vibatari vilikuwa vingi.

Mama Mapacha wa Chuno
Kaka Jina la Kuazima, pole na msiba, na bandiko lako nimelisoma mara mbili. Nakuuliza kwa upole, kwa kuwa wangu ni wa akiba. Aliyekuwa wa kwanza kwenye akiba mwaka ule alikuwa nani?

Pwani Tulivu
Hapo sasa.

Baba Wawili Ligula
Tuache ya 1996. Mama Mapacha, ushauri wangu: usiwatenganishe mapacha. Wapeleke wote shule ya kata, ada hakuna tangu 2016, hela ya bweni waajirie mwalimu wa jioni.

Bint Kitangari
Watenganishe! Doto atakuja kumfulia kaka yake mpaka lini?

kangomba_mstaafu
Panda basi, nenda na jogoo. Historia imeshaonyesha.

Sheria Kali
Usithubutu. Siku hizi kuna TAKUKURU.

Ming'oko na Chai
Nenda na jogoo wawili, mmoja wa TAKUKURU.

Chaki Nyekundu
Mama, usisahau upande wa serikali. Matokeo ya la saba ndiyo haya, na uchaguzi wa TAMISEMI hutoka Desemba. Tangu 2022 watoto wote waliofaulu wanapangiwa shule kwa mkupuo mmoja, madarasa ya fedha za UVIKO yalisaidia. Ile habari ya "chaguo la pili" tuliyokuwa tunaisubiri mpaka Machi imekufa. Ila kwenye mabweni ya serikali mchujo uko pale pale. Kwa sasa jumla ni alama 300, na A inaanzia 241. Wasichana wenye alama za juu kabisa ndio wanaokwenda Kilakala, Msalato, Tabora Wasichana. Doto ana ngapi?

Mama Mapacha wa Chuno
B. Alama 233. Kulwa ana C.

Chaki Nyekundu
Basi usilipe chochote kwa Kulwa mpaka uipigie simu shule. Waulize maneno haya haya: akiba ya wasichana huitwa lini, na kwa mpangilio gani. Shule yetu ilikuwa inaita baada ya tarehe ya mwisho ya kulipa awamu ya kwanza. Asiyelipa anafutwa, wa akiba anapigiwa. Namba iliyoandikwa kwenye fomu isizimwe. Nimeona mtoto wa akiba ya kwanza akirukwa kwa sababu simu ya baba yake ilikuwa haipatikani, iko kwa fundi.

Mjenzi wa Kata
Na kuhamia baadaye je? Si anaingia kidato cha pili?

Chaki Nyekundu
Anaweza, kitanda kikiwa wazi. Tumerudi kwa matroni.

Jina la Kuazima
Dada Mama Mapacha, nimeliona swali lako tangu mchana. Sijui. Sijawahi kuuliza.

Mama Mapacha wa Chuno
Asante kwa kunijibu.

Wakuu, mrejesho. Nimepiga, kapokea sista mmoja mpole. Wasichana wawili wamejitoa wenyewe wamepata kwingine, kwa hiyo akiba namba 1 na 2 wameshaitwa. Doto sasa ni wa saba. Mwisho wa kulipa ni tarehe 15 Desemba.

kangomba_mstaafu
Wa saba siyo mbali. Omba mnada wa korosho uende vibaya, wenzako washindwe ada, utaona orodha inavyoteleza.

Mama Mapacha wa Chuno
Na ya kwangu iko kwenye korosho hizo hizo.