Mjadala: Je, orodha ya shule za msingi zilizoongoza mtihani wa Darasa la Saba irudishwe?

Baba Rehema, Mbagala
Ndugu zangu, Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania, lilipokuwa likitoa matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2022, lilieleza kwamba limeacha kutangaza shule na watahiniwa bora, kwa kuwa si haki kulinganisha wanafunzi waliosoma katika mazingira tofauti. Tangu hapo hatuisikii tena kumi bora ya Darasa la Saba. Mimi sikubaliani na uamuzi huo. Mtihani ni mmoja, masomo ni sita, alama ni 300, na swali analolijibu mtoto wa Kagera ndilo analolijibu mtoto wa Mtwara. Mzazi anayechangia uji na mlinzi wa shule ana haki ya kujua shule hiyo imeshika nafasi ya ngapi. Ninaamini pia kwamba walimu wa shule za Serikali wasingeifurahia sana kufutwa kwa orodha hiyo kama watoto wao wenyewe wangekuwa wanasoma katika shule wanazofundisha.

Mwalimu wa Nyakato
Baba Rehema, suala la orodha ningelijibu kwa utulivu, lakini sentensi yako ya mwisho imenichoma. Ninafundisha Hisabati katika darasa lenye watoto zaidi ya mia moja, ilhali kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na mwanangu wa darasa la tano anakaa katika shule hiyohiyo, kwenye dawati moja na watoto wa majirani zangu. Unapoandika kuhusu walimu kana kwamba sote tumekimbilia shule za mchepuo wa Kiingereza, unawavunjia heshima watu wanaosahihisha madaftari ya wanao mpaka usiku. Ninaomba uiondoe kauli hiyo kwanza, ndipo tuzungumze.

Mstaafu wa Songea
Naomba niwarudishe nyuma kidogo, kwa sababu nilikuwa mwalimu mkuu wakati jambo hili lilipojaribiwa kwa nguvu zote. Mwaka 2012 ufaulu wa Darasa la Saba ulishuka hadi takribani asilimia 31, na mwaka uliofuata ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ambao pamoja na mengine ulizipanga shule zote za msingi kwa nafasi na kuzipa rangi ya kijani, njano au nyekundu. Sitakataa kwamba orodha ilituamsha, kwa kuwa watafiti walioichunguza baadaye walikuta shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha ufaulu. Lakini watafiti haohao walikuta jambo la pili, ambalo sisi tuliokuwa ndani tulilijua bila kuambiwa, nalo ni kwamba baadhi ya shule hizo zilipunguza idadi ya watoto waliofika kwenye chumba cha mtihani. Mtoto asiyejua kusoma vizuri alikaririshwa darasa, au mzazi wake aliitwa akaambiwa kwa upole kwamba kijana huyu anafaa kujifunza ufundi, na wastani wa shule ukapanda bila mtu yeyote kufundishwa zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya kurudisha orodha yoyote, ninataka kila shule itangaze namba mbili: watoto waliofanya upimaji wa Darasa la Nne, na watoto wa kundi hilohilo waliofanya mtihani wa Darasa la Saba miaka mitatu baadaye. Shule iliyoingia na watoto tisini na kutoa hamsini, hata kama wote hamsini wamefaulu, haistahili pongezi mpaka ieleze wale arobaini wako wapi.

Baba Rehema, Mbagala
Mwalimu wa Nyakato, sikukutaja wewe, na kama mwanao yumo darasani mwako, ninakuheshimu kwa hilo. Kauli siiondoi, kwa sababu walimu ninaowafahamu mtaani kwangu wanawapandisha watoto wao kila alfajiri kwenye basi la njano, na ninawaelewa. Mtoto wangu akipata A ya Hisabati kwa Kiswahili, Januari anaingia Kidato cha Kwanza na kukuta Hisabati hiyohiyo kwa Kiingereza. Mwalimu analijua pengo hilo kuliko mimi, ndiyo maana anamwokoa mwanawe mapema. Sisi wengine tuelezwe nini?

Mama Juma, Muheza
Baba Rehema, kama tatizo lako ni lugha ya sekondari, basi orodha haitakusaidia chochote, kwa sababu kumi bora hiyo ilikuwa ikijaa shule binafsi zinazowafanyia watoto usaili kabla ya kuwapokea na kuwaondoa wasiofikia wastani wa shule, jambo ambalo Serikali imelikemea mara nyingi. Utaisoma, utaumia, na ada hutakuwa nayo. Isitoshe, matokeo hayajafichwa, kwani tovuti ya Baraza inaonyesha wastani wa kila shule. Kilichofichika ni kile alichokitaja mzee wetu wa Songea, na ninasikitika kwamba mmempita kama hamkumwona. Binti wa dada yangu alikuwa miongoni mwa hao walioambiwa wasubiri mwaka mwingine, naye hakurudi shuleni tena.

Mwalimu wa Nyakato
Mama Juma, shikamoo, na pole kwa binti yetu. Hata hivyo sitaki isomeke kwamba ni mwalimu wa darasa aliyeamua. Shinikizo hushuka kutoka halmashauri hadi kwa mratibu elimu kata, kisha kwa mwalimu mkuu, na hata leo, bila orodha ya kitaifa, matokeo ya mtihani wa utimilifu, yaani ule wa majaribio kabla ya mtihani wa taifa, hubandikwa kwa nafasi na shule ya mwisho husimamishwa mbele ya wenzake kikaoni.

Baba Rehema, Mbagala
Mama, wastani huo nimeuona, nami pia nasikitika kwa ajili ya binti. Lakini swali langu kwa Mwalimu bado halijajibiwa: mwanao akimaliza, Kidato cha Kwanza utampeleka wapi?

Mwalimu wa Nyakato
Atakwenda shule ya kata atakayopangiwa. Tayari ninamfundisha Kiingereza jioni, pamoja na watoto wanane wa mtaani kwetu ambao wazazi wao hawanilipi chochote, na Rehema angekuwa jirani yangu, naye ningemkaribisha.