Msamiati wa GRE: orodha, kadi za Anki au kusoma magazeti?

Mgeni_Moro: Wakuu habari za humu, na wakubwa shikamooni. Naomba chuo Marekani, GRE (mtihani wa kuombea masomo ya uzamili) ni baada ya miezi 3. Kiingereza cha ofisini ninacho, ila Verbal, ile sehemu ya lugha, inanitoa jasho. Kipi kinalipa: kukariri orodha ya maneno 1,000, kadi za Anki (programu ya kukariri kwa kadi), au kusoma magazeti tu?

Mkwawa77: Orodha achana nayo. Hadi leo maneno ya herufi A nayataja kama kasuku. Ya W usiniulize, sikufika.

BintiWaTanga: Anki. Ukilikumbuka neno, linasogezwa mbele siku kadhaa. Ukilikosa, linarudi leo leo. Kwenye kompyuta na Android ni bure, iPhone unalipia. Ila usipakue kadi za watu, tengeneza zako, na uandike sentensi nzima. "Qualify" sote tunaijua kama kufuzu. Kwenye pepa, mwandishi aki-qualify dai lake amelipunguza makali. "Sanction" ni kuidhinisha, na pia ni kuwekea vikwazo! Kadi ya neno moja na tafsiri moja itakuponza.

Mkwawa77: Na ukiiacha wiki moja, dada, unakuta rundo la kadi linakusubiri. Mimi nilifuta programu yenyewe.

MzeeWaMizizi: Mmesahau mizizi ya maneno. Anayejua "soma" hafundishwi msomaji, somo wala kisomo. Kiingereza cha vitabuni nacho kimebeba Kilatini: "bene" ni jema, "mal" baya, "loqu" kusema. Hapo benevolent, malevolent na loquacious umezipata kwa mkupuo.

BintiWaTanga: Shikamoo mzee. Lakini "restive" si mtu aliyepumzika, ni asiyetulia. "Noisome" haina kelele, ni kunuka. "Enervate" haitii nguvu, inazimaliza.

MzeeWaMizizi: Marahaba binti, hapo umenikamata. Basi mizizi iwe ya kukumbukia, si ya kubahatishia.

Kibarazani: Mgeni, angalia kwanza unaulizwaje. Tangu 2011 hakuna tena maswali ya kutaja kinyume cha neno, na orodha nyingi za zamani zilitungwa kwa ajili hiyo. Siku hizi kuna sentensi zenye mapengo: yakiwa 3 ukakosa moja, swali zima limekwenda. Kuna zile za kuchagua majibu 2 kati ya 6, yote mawili yaipe sentensi maana ileile. Kwa hiyo weka maneno kwenye kapu moja: laconic, terse, taciturn, wote wachache wa maneno. Halafu karibu nusu ya Verbal ni ufahamu, na maswali yote 27 una dakika 41. Kadi peke yake haikupi mbio hizo. Soma makala ndefu za sayansi na historia kila siku, neno gumu ukutane nalo humo ndipo uliandikie kadi. ETS, wenye mtihani wenyewe, wana majaribio ya POWERPREP ya bure. Moja fanya sasa, jingine wiki ya mwisho.

Mgeni_Moro: Asanteni sana. Makala nitapakua kwa intaneti ya kazini, bando halitoshi. Kadi ya kwanza nimeshaandika: restive. Ndivyo nilivyo tangu nilipie huo mtihani.