Mmenunua viwanja kwenye shamba la bibi, leo mnataka ng'ombe wake waondolewe!

Wakuu, habari za jioni. Nimetoka kikaoni sasa hivi na nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Nikilala na hili jambo kifuani nitaumwa, kwa hiyo nalileta hapa.

Naishi huku Goba, Dar es Salaam, mtaa siutaji. Leo tumeitwa kikao. Nilidhani tutazungumzia korongo linalokula barabara kila masika, au maji. Ajenda ya kwanza ikawa barua yenye saini 23 inayotaka ng'ombe 3 wa bibi mmoja waondolewe mtaani. Sababu: harufu na inzi. Mwishoni wameongeza majogoo, kwamba yanawaamshia watoto.

Huyo bibi ndiye aliyewauzia viwanja! Mume wake, Mungu amrehemu, alifyeka hili pori kwa panga wakati huku hakuna hata njia ya baiskeli. Akapanda mikorosho, minazi, mihogo. Alipofariki, familia ikaanza kukata shamba vipande, ishirini kwa ishirini, kipande baada ya kipande, wajukuu wakasoma. Bibi akabaki na eneo la nyumba, banda na miti michache. Sisi wote tunaoitana "wakazi" tumejenga juu ya shamba lake. Aliyesimama kuisoma ile barua, sebule yake ipo pale lilipokuwa zizi la zamani. Na kila jioni namwona dada wake wa kazi akipita na kidumu kwenda kuchukua maziwa ya watoto kwa huyohuyo bibi.

Bibi alikuwepo kikaoni. Alikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni, khanga amejitanda, ameshika fimbo yake. Hakusema neno mpaka barua ikaisha. Akauliza tu, "Wanangu, mlipokuja kuangalia viwanja hamkuwaona?" Watu wakainamisha vichwa, halafu mwenye barua akaendelea kana kwamba hajaulizwa kitu.

Sikatai, masika harufu inakuwepo. Mwaka juzi ilizidi, tukaenda watatu kuzungumza naye. Wiki hiyohiyo mjukuu wake akachimba shimo la samadi na sakafu ya banda ikapigwa zege. Sasa hivi banda linafagiliwa alfajiri, samadi inajazwa kwenye viroba na vijana wanaolima mchicha bondeni wanaichukua. Hivyo ndivyo majirani wanavyozungumza. Hawa wenzetu hakuna hata mmoja aliyewahi kubisha hodi kwake. Wao wameanza na barua.

Na msiniambie mifugo na mashamba ni mambo ya vijijini. Kanuni za kilimo cha mjini zilitungwa nchi hii tangu 1992, na ziliweka mpaka ekari 3 kwa mtu. Yaani serikali ilikwishakubali kwamba mjini watu wanalima na wanafuga, ikaweka utaratibu. Angalieni hata majina ya jiji hili. Mabibo ni matunda ya mkorosho. Mikocheni ni mikoche. Mchikichini, Minazi Mirefu, yote hayo ni miti iliyokuwepo kabla ya nyumba. Najua Dar imejaa: sensa ya 2002 tulikuwa kama milioni 2.5, ya 2022 tumevuka milioni 5.3. Watu lazima wapate pa kukaa, na mimi ni mmoja wao. Lakini kupata pa kukaa hakumaanishi kumfukuza uliyemkuta.

Nyuma ya ukuta wangu kuna mstari wa mikonge. Ulikuwa mpaka wa shamba la mzee. Unakuja umenyooka, unapotelea chini ya nyumba tatu, unaibuka tena upande wa pili. Aliyenipimia kiwanja alianzia kwenye mkonge mmoja wapo, na mpaka leo watu wakigombea mipaka huku, wazee wanakwenda kutafuta mkonge. Wiki iliyopita mtu ameleta greda kusawazisha eneo lake, akang'oa sita. Mwezi wa kwanza jirani mwingine alikata mwembe dodo ambao watu wawili hawawezi kuukumbatia, ili atandaze vitofali uani. Mvua ya kwanza tu, maji yote ya uani kwake yakashuka kwangu na kwa mama mjane wa chini. Huku ni vilima, udongo ni kichanga. Mizizi ndiyo iliyokuwa inaushika.

Linaloniumiza kuliko yote ni makaburi. Chini ya mwembe mwingine wapo watu wawili wa ile familia, akiwemo mama mzazi wa yule mzee. Aliyenunua kiwanja hicho alikubali mbele ya mashahidi kwamba makaburi yatabaki na ndugu wataruhusiwa kuja kuyasafisha. Bei akapunguziwa kwa ajili hiyo. Leo kikaoni anasema familia "ije ihamishe vitu vyao" kwa sababu anataka sehemu ya kuegesha magari. Vitu! Sheria ya kuhamisha makaburi ipo tangu 1969, nayo inahusu ardhi inayohitajika kwa manufaa ya umma. Gari la mtu binafsi si umma.

Ndugu zangu mnaotafuta viwanja, dalali atakupeleka Jumamosi saa tano, jua linawaka, upepo unapuliza, atakuonyesha minazi akuambie hewa safi na utulivu. Rudi mwenyewe alfajiri usikie majogoo. Rudi masika uone maji yanapita wapi. Waulize majirani shamba lilikuwa la nani na makaburi yako upande gani. Ukiona huwezi kuishi na hayo, nenda Sinza, nenda Kijitonyama, kapange ghorofa Upanga. Mimi nilihamia huku kwa ajili ya hiyo miti na hayo maziwa, na nililipa pesa nikijua nanunua nini.

Kikao kinarudi Jumapili baada ya wiki mbili. Naomba msaada wa mambo mawili. Kwanza, mwenye nakala ya sheria ndogo za manispaa kuhusu mifugo aiweke hapa, nataka kwenda na karatasi mkononi. Pili, kama kuna mwanasheria au mtu aliyewahi kupitia suala la makaburi ndani ya kiwanja kilichouzwa kwa makubaliano ya mdomo na mashahidi, aniambie tuanzie wapi. Mashahidi wawili bado wapo hai, na mmoja ana zaidi ya miaka 80.