Tupeane uzoefu: siku tatu Roma kwa mfuko mwembamba

Mzururaji
Ndugu zangu, jana nilikuwa nikipekua koti ambalo sijalivaa kwa miaka sita, nikakuta mfukoni tiketi ya basi ya Roma, safi kabisa, haina hata alama ya mhuri. Usafi huo ndio ulioniponza. Nililipa euro 1.50, nikapanda na kukaa nikidhani nimetimiza wajibu wangu, kumbe dakika 100 za tiketi ile huanza kuhesabiwa pale tu unapoitia kwenye mashine iliyofungwa ndani ya basi, na kabla ya hapo ni karatasi tu. Wakaguzi wawili walipanda kituo cha tatu. Faini ilizidi euro 50, nami mchana ule nilikuwa nimekula mkate mkavu ili niokoe euro nne. Mwezi ujao narudi na mke wangu kwa siku tatu, na safari hii sitaki kulipia ujinga. Mliokwenda na fedha za kubana, ni nini kiliwaumiza na nini kiliwaokoa?

Mama Mkoba
Umenikumbusha Jumapili ya mwisho ya mwezi, siku ambayo Makumbusho ya Vatikani hufunguliwa bila kiingilio. Nilikwenda na mama yangu mzazi, ambaye hamu yake ya miaka mingi ilikuwa kuinua macho aione dari ya kanisa dogo la Sistina mle ndani, aliyoichora Michelangelo. Tulifika saa tatu na nusu asubuhi tukijiona tumewahi, tukakuta foleni imefuata ukuta mrefu wa Vatikani, imekata kona, na mwisho wake hauonekani. Nilijua kwamba mwisho wa kuingia siku hiyo ni saa sita na nusu mchana, lakini sikumwambia, nikitumaini kwamba watu wangesogea. Mama alikunja sweta yake, akaikalia ukingoni mwa njia, na kila foleni iliposogea hatua tano aliinuka, akaikung'uta, akaikunja tena. Ilipofika saa sita na dakika ishirini tulikuwa tunauona mlango. Saa sita na nusu mlinzi alifunga njia, na mbele yetu walibaki kama watu thelathini. Mama hakusema neno. Alikunja ramani yake polepole mpaka ikawa ndogo kama kitambaa cha mkononi, akaitia kwenye mkoba. Ndege yetu ilikuwa alfajiri ya kesho yake.

Tulizunguka hadi Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro, ambako kuna foleni ya ukaguzi lakini kuingia hakulipiwi. Upande wa kulia, nyuma ya kioo, ipo Pietà, sanamu ya Bikira Maria akimpakata Yesu aliyekufa, ambayo ni ya Michelangelo huyohuyo. Mama alisimama pale muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akasema, "Kazi ya mikono yake nimeiona. Twende tukale." Mpaka leo sijajua kama alisema hivyo ili kunifariji.

Kimya Kingi
Foleni hiyo naijua. Mimi nilikata tamaa saa nne.

Hesabu Kali
Pole sana dada, ila watu wasije wakachanganya mambo. Jumapili ya kwanza ya mwezi ni habari nyingine: makumbusho na maeneo ya kale ya serikali huwa bure, ikiwemo Koloseo, ule uwanja mkubwa wa michezo wa Warumi wa kale. Pantheon nayo, hekalu la kale lililogeuzwa kanisa, ambayo ilikuwa bure kwa wote hadi katikati ya mwaka 2023 ilipoanza kutoza euro 5, siku hiyo haitozi. Kwa Koloseo peke yake watu wawili wanaokoa euro 36, na hizo ni fedha za chakula cha siku nzima kwa mtu anayejua kula amesimama.

Soli Imeisha
Ndugu Hesabu, unahesabu euro na kusahau kuhesabu saa. Mtu mwenye siku tatu akimaliza asubuhi yake juani kwenye foleni, tayari amelipa. Tiketi ya euro 18 ukiinunua mapema inakupa Koloseo, magofu ya Foro Romano na kilima cha Palatino ndani ya saa 24, nawe unaingia kwa saa uliyoichagua. Uangalifu ni mmoja tu: jina la kwenye tiketi lazima lilingane na la kitambulisho. Mimi nilimwandikia rafiki yangu jina la utani tulilozoea kumwita, akabaki langoni akinipungia mkono.

Hesabu Kali
Kwa hiyo ulilipa euro 36 na mmoja wenu hakuingia. Bora foleni yangu.

Mpita Njia
Naomba niingilie, maana yangu hayakuwa ya fedha hata kidogo, ingawa yalianza kwa ubahili. Mimi na mke wangu tulikuwa na simu moja yenye intaneti, kwa kuwa nilikataa kulipia laini ya pili, na simu hiyo aliishika yeye. Jioni ya pili nilikaa kwenye ngazi za Piazza di Spagna, zile 135, baada ya yeye kuniambia mara mbili kwamba tangu mwaka 2019 kukaa pale kunatozwa faini. Polisi alinipulizia filimbi mbele za watu. Sikutozwa kitu, lakini tuligombana njia nzima hadi kituo cha Spagna cha metro, treni ya chini ya ardhi, mimi nikitembea nyuma kwa hasira. Treni ikaja, yeye akapanda, milango ikafunga. Tulitazamana kupitia kioo, treni ikaondoka.

Nilipanda juu barabarani nikidhani atarudi kunitafuta huko. Hakuja. Sikuwa na simu wala tiketi nyingine, na jina la nyumba ya wageni sikulijua. Nilichokumbuka ni kwamba ilikuwa nyuma ya kanisa liitwalo Santa Maria. Nikamuuliza mzee mmoja, "Santa Maria?" akanielekeza kwa uhakika kabisa, nikatembea hadi Santa Maria del Popolo, milango imefungwa, uwanja siujui. Nikamuuliza mwingine, akanirudisha mjini hadi nyuma ya Pantheon, mbele ya Santa Maria sopra Minerva, ambako kuna tembo wa marumaru amebeba mnara mgongoni. Nilimtazama tembo yule nikajua kwamba siku zote mbili sijawahi kumwona. Ilikuwa inakaribia saa nne usiku. Ndipo nilipofahamu kwamba katika Roma mtu anayetafuta Santa Maria hajasema kitu.

Kimya Kingi
Na mkeo alikuwa wapi?

Mama Mkoba
Baba, malizia basi. Mama wa watu alikuwa wapi?

Soli Imeisha
Wakati tunamsubiri, nimjibu mwenye mada. Usinunue maji. Mabomba ya barabarani yapo kila mahali, na ukiziba mdomo wa chini kwa kidole, maji yanaruka juu kupitia kitundu kidogo, unakunywa bila kuinama. Vaa viatu vyenye soli nene, kwa sababu yale mawe madogo ya barabarani yatakumalizia nyayo. Ingia kanisa la San Luigi dei Francesi, uone picha tatu za mchoraji Caravaggio bila kulipa, ila beba sarafu, kwa kuwa katika baadhi ya makanisa taa ya kumulika picha huwashwa kwa sarafu.

Hesabu Kali
Tenga pia kodi ya wageni, ambayo hutozwa kila kichwa kwa kila usiku juu ya bei uliyoiona. Kutoka uwanja wa Fiumicino, treni ya moja kwa moja hadi Termini, stesheni kuu, ni euro 14, na ile ya kawaida inayopita mtaa wa Trastevere ni euro 8.

Soli Imeisha
Ya euro 8 haifiki Termini. Mwambie na hilo.

Mzururaji
Nashukuru, nimeandika yote. Sasa ndugu Mpita Njia, hata mimi nimesahau nilichouliza.

Mpita Njia
Samahanini, nilikuwa kazini. Alishuka Barberini, kituo kinachofuata, akarudi Spagna na treni iliyofuata, akanikosa, kwa kuwa nilikuwa nimeshapanda juu. Mtu wa tatu niliyemuuliza ndiye aliyetamka "Maggiore", jina kamili la kanisa letu likanirudia. Nilifika miguu imevimba. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi za nyumba ya wageni, simu mkononi. Akasogea kidogo kunipa nafasi, akasema, "Hizi zinakaliwa."