Ushauri: nataka tunzo za harusi yangu ziende kwenye tangi la maji la chuo

MwariWaWete: Assalamu alaikum. Naolewa baada ya Idi inshaallah, huku Pemba. Nimekusudia siku ya kutolewa, mwari anapoonyeshwa, wageni wasinitunze mimi, watie pesa kwenye sanduku, chuo nilichosomea Kurani kinunuliwe tangi la maji. Watoto pale wanatawadha kwa kopo moja wakipokezana, na kisima cha jirani kiangazi kikikaza hukauka. Mama hataki hata kusikia. Nifanyeje?

BabuKonde: Mashaallah mwanangu. Mtume (SAW) kasema chakula kibaya kabisa ni cha walima, yaani karamu ya harusi, wanaoalikwa matajiri wakaachwa maskini, hadithi ipo kwenye Sahihi Muslim. Anza hapo: mafakiri waitwe, wakae, wale washibe. Tangi baadaye.

BiUdi: Harusi ya mwanangu Unguja, sufuria la kwanza la pilau lilikwenda kwenye makao ya wazee ya Sebleni. Bibi mmoja akakataa kula, eti bibi harusi mwenyewe yuko wapi? Jioni tukampeleka na hina yake mikononi. Yule bibi alimshika vidole kimoja kimoja akiitazama, kisha ndiyo akala.

NahodhaMkoani: Mie nitatia sandukuni, ila biriani iwepo!

Shungi: Mama hakatai kheri bure. Kuna jambo hujalisema.

MwariWaWete: Ana daftari. Kila harusi aliyotunza kaandika jina la mtu na alichotoa, mpaka doti za kanga. Anasema zamu yake ya kurejeshewa ndiyo hii. Tena kakopa kwenye kikundi cha hisa kwa ajili ya vyombo na mapambo, anategemea tunzo alipe. Lakini kadi zishatoka na sanduku limeandikwa. Na sadaka ni sadaka, sioni kwa nini niombe ruhusa.

Shungi: Mdogo wangu, sadaka hutolewa na mwenye mali. Hizo watu wanamrejeshea mama'ko, tena ana deni la watu. Mali yako ni mahari: Suratu An-Nisaa aya ya 4, wapeni wanawake mahari yao. Toa humo, hakuna wa kukuuliza.

BabuKonde: Umenena. Siku hizi mahari hugawiwa ukoo mzima, mwari haoni hata shilingi. Dhulma hiyo.

JichoLaChake: Jamani, tulieni. Mwari, tangi, mama mwenye mkopo... Nyuzi hizi huishia kwenye namba ya kutumia pesa. Chuo gani? Shehia gani?

MwariWaWete: Sijaomba hata senti na namba sitoi. Chuo sikitaji kwa sababu mama anajulikana, na mwalimu mwenyewe bado hajajua.

JichoLaChake: Hajajua, na kadi zimeshachapwa?

MwariWaWete: Nilitaka iwe furaha kwake.

NahodhaMkoani: Basi tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima. Litataka jukwaa la zege na mfereji wa kulijaza. Kisima kikikauka litajazwa na nini?

BiUdi: Mwanangu, mchukue mama mwende chuoni saa ya Alasiri, watoto wakitawadha. Usiseme kitu, mwache aone. Na daftari lake liheshimu, wanaotaka kumtunza yeye wamtunze.

MwariWaWete: Mahari iko kwa baba, nitamuuliza. Kesho naenda kwa mwalimu. Lakini sanduku litakaa mlangoni.

Shungi: Mama aambiwe kabla ya mwalimu.